Mzazi Mwenzake

Jirani yao, Bi Somoe, aliapa kwamba tingatinga lilipoingia kwenye matete ya bondeni, nyuma ya nyumba, panya wenye mstari mweusi mgongoni, ambao hawaonekani popote ila bonde lile, walikimbia na watoto wao midomoni.

"Na mmoja kanaswa jikoni kwenu," alimwambia Mwatumu dirishani. "Kaja kukupa hongera ya uzazi."

Mwatumu hakucheka. Arobaini yake ilikuwa haijatimia, na mzazi havuki kizingiti. Alimwomba mkwewe amletee ule mtego wa waya, akaupakata. Chuchu za panya zilikuwa zimetuna, zinalowesha manyoya kwa maziwa. Kanga ya Mwatumu mwenyewe ilikuwa imelowa kifuani.

"Umeshamwona? Haya, nipe nimpe paka," mkwewe alisema mlangoni.

"Mama, huyu naye mzazi."

"Mzazi ni wewe. Tulia ndani."

Nje kilibaki kipande kimoja tu cha matete, na tingatinga lilikuwa linageuka kukielekea. Mwatumu akaupenyeza mtego katikati ya nondo za dirisha.

"Bi Somoe, nakuomba, mfikishe pale. Wanawe bado wamo."

Bi Somoe alimtazama mkwe, akayatazama matete. Mtego ulining'inia mkononi mwa Mwatumu, na panya ndani yake amegeukia bondeni.