Muhuri Uliosimama Wima

Bwana Todoroki aliweka rula ya nusu duara, ile ya watoto wa shule, juu ya muhuri wa Bi Kurusu, akakunja uso.

"Sifuri," alisema. "Digrii sifuri! Wenzako wote wameinama, wewe umesimama kama mlingoti."

Mezani palikuwa na karatasi arobaini za ukaguzi, moja kwa kila sahani iliyosubiri kupelekwa kwa mteja. Kila karatasi ilikuwa na mihuri myekundu yenye majina, maana pale kiwandani Nagano muhuri ndiyo sahihi ya mtu. Wa Todoroki ulikaa wa kwanza, kushoto. Ule wa mzee Onishi wa tanuri na ule wa mpakiaji ilikuwa imelala kidogo kumwelekea, kama watumishi wanaomwamkia bwana wao. Wa Bi Kurusu, mkaguzi, ulisimama wima.

Todoroki alitoka ofisi kuu ya Osaka, ambako mdogo huulaza muhuri wake kwa heshima ya mkubwa. Alipohamishiwa kiwandani miezi mitano nyuma, adabu hiyo ndiyo elimu pekee aliyokuja nayo. Kuhusu sahani zenyewe hakujua hili wala lile. Zilikuwa za unga wa indiamu, galiamu na zinki, uliochomwa ukawa bamba la kijivu. Kwa mteja, huko Mie, bamba hupigwapigwa ndani ya mtambo usio na hewa mpaka chembe zake zitande juu ya kioo cha televisheni, utando mwembamba usioshikika kwa jicho. Usafi wake ulihesabiwa kwa tisa: asilimia tisini na tisa, nukta tisa tisa tisa. Tisa tano. Todoroki aliamini kwamba tisa ni tisa tu, moja ikidondoka njiani hakuna msiba.

"Na hii namba kumi na saba hujaigonga muhuri kabisa."

"Ina chuma, mkuu. Kinu kimelika, vumbi lake limeingia kwenye unga. Imefika tisa nne."

"Tisa nne, tisa tano! Nani huko Mie atayaona hayo kwa macho?"

"Hakuna, mkuu. Wataona televisheni zikianza kutoa madoa."

Todoroki alicheka. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa na mfuniko wa tai ya hariri.

"Sikiliza, mama. Alhamisi wakubwa wa Osaka wanakuja kunikagua. Wakikuta sahani arobaini zimeondoka, narudi nao ofisi kuu. Wakikuta thelathini na tisa, wewe utahesabu maboksi ghalani mpaka ustaafu, na kazi hii nampa mwenye shingo laini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Bi Kurusu aliutazama muhuri wake wa mti. Baba yake ndiye aliyemchongeshea, siku alipoajiriwa, miaka ishirini na sita iliyopita. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa moja tu, na hakuwa na jingine la akiba.

"Muhuri wangu huinama ukiwa na la kuombea radhi, mkuu."

"Basi leo uombe radhi! Namba kumi na saba, na nyingine zote. Andika karatasi mpya."

"Zote? Hata zile safi?"

"Zote. Digrii thelathini, na nitapima."

"Mkuu ana hakika? Arobaini nzima?"

"We mama, Kijapani hukisikii? Zote!"

Bi Kurusu aliinamisha kichwa. Akauchovya muhuri kwenye wino mwekundu, akaanza kugonga, na kila alipogonga aliulaza.

Mzee Onishi alipopita na kuona, alisimama kama aliyemwagiwa maji.

"Bi Mkubwa! Hata wewe? Sisi tunainama kwa sababu migongo yetu ni ya mpira. Wewe nilidhani una mfupa!"

"Kanywe chai, mzee Onishi. Inapoa."

"Na hii ya kumi na saba umeipitisha?"

"Nimeiinamisha. Kama zote."

"Aibu tupu," alisema Onishi, akaenda zake bila kuaga. Bi Kurusu alizifunga karatasi moja moja kwenye masanduku yake. Lori likaondoka Jumanne asubuhi.

Alhamisi wakubwa wa Osaka waliketi na chai zao, huku Todoroki akiwapitishia nakala za karatasi kama baba anayeonyesha picha za harusi ya mwanawe.

"Tazameni hii mihuri. Nilikuta watu wa porini hapa. Sasa hata yule mama mwenye kiburi ameinama."

Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja alikuwa ameanza kusema habari za nafasi iliyo wazi Osaka, honi ilipolia getini. Lilikuwa lori lilelile. Masanduku yote arobaini yalikuwa ndani, na kamba zake hazijakatwa hata moja.

Uso ulimwiva Todoroki kwa hasira. Akampigia Bwana Makino, mpokeaji wa sahani kule Mie, na akaweka simu kwenye spika ili wakubwa wasikie mteja mkorofi anavyotiwa adabu.

"Hamjafungua hata sanduku moja! Mmejuaje kama sahani zangu ni mbovu?"

"Samahani sana, mkuu," ilijibu sauti ya upole. "Tumesoma karatasi. Muhuri wa Bi Kurusu ukisimama, tunafungua. Ukiinama, tunarudisha."