Jina la Baba Mkwe

"Kwenye intavyu, bosi msalimie kwa jina lake," mwalimu aliwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja pale Garsen, mwaka wa Elnino. Kiwiko chake kilikuwa kimeikalia barua ya kazi iliyomjia mmoja wao. "Haya, Muna. Nisalimie kwa jina, uichukue."

Jina la mwalimu ndilo pia la baba mkwe wa Muna, na mke wa Kiorma halitamki kamwe jina la mkwewe. Mwalimu, Muorma mwenzake, alilijua hilo fika.

Muna aliitazama barua. Akalitamka, taratibu, kama mtu anayetema jino.

Mwalimu akatabasamu, akaichana barua. "Asiyemheshimu mkwewe atamheshimu bosi gani?"

Kule nyuma, mdogo wa mume wa Muna alikuwa ameshafunga madaftari, anashika njia ya nyumbani.