Kalibu ya Ufunguo

Kila asubuhi Hamadi alimfungia mkewe, Mwanahawa, chumbani, ayeyushe plastiki na kuimimina kwenye kalibu za plasta vitoke visamaki laini vya chambo. Hakutaka wavuvi wengine waijue kazi ile.

"Mama anaumwa sana. Niache nikamwone," Mwanahawa alimsihi.

"Ukimaliza visamaki," alijibu, kama alivyojibu jana. Akaweka ufunguo mezani, akainama kunawa uso.

Mwanahawa akaugandamiza kwenye plasta mbichi, akaupangusa kwa kanga, akaurudisha.

Hamadi akatoka, akafunga. Plasta ilipokauka, Mwanahawa aliyeyusha risasi ya kuzamishia ndoana, akaimimina humo. Ufunguo ukatoka mzima, ila laini. Akautia kwenye kitasa, akauzungusha taratibu. Kitasa kikalia kidogo, na risasi ikaanza kupinda, lakini kabla haijakatika mlango ukafunguka, akatoka kwenda kwa mama yake.