Hodi Nyumbani Kwake

Siku hizi milango hufunguka kwa kutambua mapigo ya moyo wa mwenye nyumba, na moyo wa Bi Mwanakheri ulikuwa umeanza kupiga ovyo ovyo. Daktari alimpa vidonge vya kutuliza mapigo na vya kuzuia damu isigande. Vyote vilikuwa ndani, juu ya friji.

"Wewe mgeni, piga hodi," mlango ulimwambia.

"Mgeni mama yako! Nyumba hii nimeijenga mimi!"

Kadiri alivyofoka, ndivyo moyo ulivyozidi kwenda mrama. Akameza hasira. "Hodi." Kimya. Anaishi peke yake. Wa kumkaribisha atoke wapi? "Hodi! Hodi, mwanaharamu we!"

"Umepiga hodi mara tatu hukujibiwa," mlango ulisema kwa upole. "Ustaarabu ni kuondoka."