Chumba Kilekile

Kitwana alikuwa amelala chali mlangoni, amezuia jeneza lisitoke, na msiba mzima ulikuwa unacheka.

"Halitoki," alisema. "Mzaramo huyu hajawahi kuondoka nyumbani kabla ya chai. Leo haraka ya nini?"

Wazee wa Magomeni walijifuta machozi ya kicheko kwa mikono ya kanzu. Hakuna aliyemkemea. Kitwana ni Mnyamwezi, marehemu Mzaramo, na kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo: avae nguo za marehemu, amuigize, azuie maziko, wafiwa wapate kupumua. Kulia wanalia wenye msiba. Mtani akilia, kaharibu.

Tena huyu nchi nzima ilimjua. Kila Jumamosi, msimu mzima, watu waliwatazama yeye na marehemu Uwesu kwenye Watani wa Narung'ombe, kichekesho kilichorushwa mubashara kutoka ukumbi mmoja wa Kariakoo. Uwesu alikuwa fundi cherehani mvivu, Kitwana kuli anayejiona bosi. Hakuna kukata wala kurudia. Mmoja akisahau maneno, mwenzake anamtukana mpaka ayakumbuke.

Mtangazaji wa redio aliwahi kuwauliza walijuania wapi.

"Mimi nilitangulia," Uwesu alijibu. "Nilipohama, huyu akaingia chumba kilekile. Mpaka leo analalamika nilimwachia pachafu."

Tangu siku hiyo kila mwenye nyumba ya kupangisha Magomeni alidai chumba hicho ni cha kwake.

Moyo wa Uwesu ulisimama Ijumaa usiku, msimu ukiwa umebakiza kipindi kimoja. Kulipokucha Candida, mtayarishaji wao, alikuja msibani na macho mekundu na swali ambalo alishindwa kulitamka vizuri.

"Kile cha leo, Kitwana. Watu wanauliza. Wazee wakikubali, tungekirusha kutoka hapahapa. Ila kama huwezi, we sema tu."

"Naweza."

"Kweli?"

"Aliniambia nisimlilie. Alisema nikilia mimi, watu watajua amekufa kweli."

Wazee walikubali. Kitwana naye alikuwa na ombi moja tu: aingie kaburini.

"Hilo nalo la kuomba?" alisema Mzee Twaha, baba mdogo wa marehemu, aliyesimamia msiba. "Mtani asiyezamia kaburini ni mtani gani?"

Walicheka wote, isipokuwa Mzee Sadalla, mjomba wa marehemu, aliyekuwa ameketi pembeni ya mkeka akitazama miguu yake.

Kisha Kitwana akaingia ndani kuchukua shati la marehemu. Mama wa marehemu, aliyeachika zamani akaolewa huko bara, alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake wenzake. Yeye ndiye aliyempa shati. Alimfunga vifungo kwa mkono wake, kimoja kimoja, mpaka shingoni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula."

Hakuwa amekula. Hakuwa na njaa, wala kiu, wala huzuni, na hilo ndilo lililomtisha. Mtu akikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Yeye alikuwa amekufa ganzi mwili mzima. Alitaka tu kufika makaburini kabla haijamtoka.

Basi alipochoka kulala mlangoni aliinuka, akajikung'uta vumbi, jeneza likapita. Njia nzima alitangulia mbele ndani ya shati la Uwesu, kwa mwendo wa Uwesu, bega moja chini, akiwasalimia akina mama wa barazani kwa sauti ya Uwesu. Mpiga picha alikwenda kinyumenyume mbele yake, akijikwaa.

"Huyu Mnyamwezi ana kipaji," watu walinong'onezana. "Ukifumba macho, ni Uwesu mtupu."

Kijana mmoja alifumba macho kweli, akaanza kulia. Ikabidi ashikwe mkono.

Makaburini, jeneza lilipotuliwa tu, Kitwana aliruka kaburini kabla ya mtu yeyote. Alijilaza, akapima upana kwa mabega, akauguza kiuno, kisha akakaa.

"Mara hii nimetangulia mimi," alisema.

Kicheko kilivuka ukuta wa makaburi kikafika barabarani.

Mzee Twaha naye alicheka. Halafu akakohoa, akarekebisha kofia. Utani ulikuwa umefika mwisho wake, na kila mtu pale aliujua mwisho huo ulipo.

"Haya, mtani. Umetutendea wema. Sasa toka, waingie wa damu wampokee."

Kitwana hakutoka. Alisimama mle ndani, akakunja mikono ya shati la Uwesu taratibu, ule wa kulia, kisha wa kushoto. Watu wakacheka.

"Toka, mtani," alisema Mzee Twaha, safari hii bila tabasamu. "Maiti haicheleweshwi."

Kitwana alifungua mdomo ajibu, kwa sauti yoyote, yake au ya Uwesu. Haikuja hata moja. Midomo ikaanza kumtetemeka, kisha kidevu, kisha mabega yote mawili, na watu wakacheka na hilo pia, maana msimu mzima hawakuwahi kumwona akiigiza kulia vizuri namna ile.

Mzee Sadalla alipenya katikati yao. Akamshika Mzee Twaha begani.

"Mwache ampokee," alisema. "Dada yangu kawazaa wote wawili."