Jina Kwenye Bima

Bima ya maisha ya Shekue ilikuwa bado ina jina la mama yake kama mrithi, naye alikwisha kufariki. Daktari alipomwambia kwamba saratani imeenea na hakuna tiba tena, alikwenda ofisi ya bima kuandikisha jina la Mwantumu, binti ambaye mkewe alikuja naye walipooana. Alikwenda na binti huyo. Miaka yote binti alimwita Anko.

"Huyu ni nani wako?" karani aliuliza.

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumlea. Lakini andika mwanangu."

Mwantumu aliinamisha uso. Shekue alichukua kalamu akataka kutia saini upesi. Binti akamshika mkono.

"Usiharakishe, Baba," alisema.

Kalamu ilibaki hewani. Karani alisubiri, wala hakuwahimiza.