Goti la Mzee Mazengo

Evelina alikipekua kikapu cha baba yake mdogo palepale mlangoni, majirani wakitazama. Alitoa karanga, akatoa ubuyu, akazibua kibuyu cha maziwa na kukinusa. Hakuona mzizi wala unga wa aina yoyote.

"Shikamoo, baba mdogo," alisema hatimaye, kwa aibu kidogo.

"Marahaba. Umemaliza ukaguzi?" Batholomeo aliuliza. "Nimetoka Haneti kuja kumwona kaka yangu, siyo kupekuliwa kama mwizi wa ng'ombe."

Evelina hakujali. Ndani, baba yake, Mzee Mazengo, alikuwa amenyoosha mguu juu ya stuli. Goti la chuma alilowekewa hospitali lilikuwa limeingiwa na wadudu. Madaktari walimfungua tena, wakalisafisha, wakamlaza wodini na sindano za mshipa, kisha wakamruhusu na vidonge vikali vya kumeza kwa miezi. Na bado kidonda kilitoa usaha. Daktari Castory hakuwaficha: kisipokauka, chuma kinatolewa, na baada ya hapo huenda mguu wenyewe ukafuata.

Mguu! Mtu aliyemaliza ujana wake akitembea nyuma ya mifugo!  Evelina alikuwa amechukua likizo wizarani, akahamishia godoro lake sebuleni kwa baba yake. Alinawa mikono mpaka ngozi ikachunika. Kidonge hakikuchelewa hata mara moja. Alikitoa mwenyewe, pamoja na glasi ya maziwa ya uvuguvugu, maana dawa kali kwenye tumbo la mzee ni balaa, na alisimama hapo hadi kimezwe. Sasa kama dawa inamezwa hivyo na haisaidii, basi kuna mkono wa mtu. Na katika ukoo ule, aliyejulikana kwa kuchimba mizizi alikuwa mmoja tu.

Jioni alimkuta Batholomeo ameliinamia goti la kaka yake, kiganja juu ya bandeji, midomo ikichezacheza.

"Toka!" Evelina alipiga kelele. "Unamuua baba yangu!"

"Namwombea tu, mwanangu."

"Kaombee kwako! Nyumba hii usiikanyage tena!"

Batholomeo aliokota kikapu chake, akaondoka. Mzee Mazengo aligeuzia uso wake ukutani, na chakula cha jioni hakukigusa.

Evelina na baba yake walipofika kliniki, Daktari Castory alifungua bandeji, akabonyeza taratibu pembeni ya mshono. Usaha ulitoka. Evelina alishindwa kutazama.

"Sielewi," daktari alisema. "Maabara wanasema wadudu hawa wanakufa kwa dawa hii hii. Kwa mzee hawafi. Ni kama dawa yenyewe haifiki."

"Ni baba yangu mdogo, daktari. Anamchanganyia mizizi, nina uhakika."

"Ya mizizi siyajui. Ninayoyajua ni ya maziwa. Kidonge hiki kikikutana na maziwa tumboni, kinanaswa hukohuko, hakiingii kwenye damu inavyotakiwa. Ndiyo maana siku ya kuwaruhusu nilisisitiza maji matupu." Aliwatazama wote wawili. "Niambieni ukweli. Tukijua leo, mguu huu bado tunaweza kuupigania. Nani anampa dawa, na anameza pamoja na nini?"

Evelina alifungua mdomo kuitaja glasi ya maziwa.  

Mzee Mazengo alinyoosha mkono, akaushika mkono wa binti yake, akaubana.

"Binti yangu ananipa maji, daktari," alisema. "Maziwa nayaiba mwenyewe, akisinzia."